Muulize Yaya: Wiki tano zimebaki, na valizi ni tupu

Jambo Yaya,

Mimi ni mtoto wa Katuba, kule Lubumbashi, Kongo, lakini barua hii inatoka Antananarivo, Madagaska. Nina miaka 21. Ni mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao pale kwetu mnatuita Wamormoni, vijana wa mashati meupe na beji nyeusi kifuani wanaotembea wawili wawili. Dada yangu hunisomea ukurasa wako kwenye simu siku ya Jumatatu, siku yetu ya maandalizi, nikishamaliza kufua. Ndiyo maana nimethubutu kukuandikia.

Misheni yetu wavulana ni miezi 24. Yangu imebakiza wiki tano.

Shida ya kwanza ni kichwa. Mwili uko huku, kichwa kimekwisha kupanda ndege. Nimebandika kalenda ndani ya mlango wa kabati, na kila usiku ninakata siku moja kwa kalamu nyekundu. Mwenzi wangu wa misheni ni mgeni kabisa, ana miaka 18 na wiki nne tu hapa. Usiku yeye anaandika maneno ya Kimalagasi katika daftari, mimi ninakata siku. Juzi aliniona. Hakusema kitu, lakini niliona haya. Hata usiku wa Juni 25, watoto walipopita na taa zao za karatasi zenye mshumaa ndani (nchi hii ilipata uhuru Juni 26, 1960, siku nne kabla yetu), wenzangu walikuwa wanaangalia taa, mimi ninapiga hesabu.

Shida ya pili ni bibi mmoja. Anakaa chini ya kilima, karibu na mashamba ya mpunga. Mjukuu wake hukata matofali humo baada ya mavuno, kama sisi tunavyoyakata kwenye udongo wa vichuguu. Tangu mwanzo ananiita zanako, yaani mwanangu. Siku moja alikuwa ananitajia wanyama wa pale uani ili nijifunze: kuku ni akoho, mbwa ni amboa, ng'ombe wa jirani ni omby. Nikamwambia, bibi, hayo ni maneno ya mama yangu! Tulicheka wote wawili mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Sasa wiki iliyopita alinishika mkono akaniuliza nitarudi lini. Nikajibu, hivi karibuni. Yaya, nilisema uongo nikiwa na jina la Yesu kwenye beji.

Shida ya tatu ni nyumbani. Mama amekwisha kutangaza katika kila lupango, yaani kila ua wa mtaa. Kaka yangu mkubwa anauliza ninaleta simu ya aina gani. Baba mdogo anawaambia watu kwamba ninatoka Ulaya. Madagaska si Ulaya, lakini kwao ndege ni ndege. Mimi nina suti mbili, moja imeisha magotini, viatu vilivyowekwa soli mara tatu, na lugha ambayo hakuna mtu anayeisema Katuba. Rafiki zangu niliomaliza nao sekondari wako mbele, wengine wana watoto. Kaka anasema nikifika tu twende naye Kolwezi kwenye mashimo ya madini, huko ndiko kuna pesa.

Nifanye nini ili nimalize vizuri? Na nitaingiaje kwetu na valizi tupu?

Mwenye Suti Mbili, Antananarivo

Yaya anajibu:

Mdogo wangu, jambo sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama kando ya mbabula, sombe inachemka, na ilikaribia kuungua kwa sababu yako.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawajui kwamba mimi pia nilivaa beji ile. Rais wa kanisa, Thomas S. Monson, alishusha umri wa kwenda misheni Oktoba 2012: wavulana kutoka 19 hadi 18, wasichana kutoka 21 hadi 19. Mimi nilikuwa nimetimiza 20, nimekaa ninangoja. Mwaka uliofuata nilikuwa Abidjan, Kodivaa, kwa miezi 18, maana ndio muda wetu sisi wasichana. Kwa hiyo ninayokujibu hapa sikuyatoa kwenye kitabu. Niliyafanya vibaya kwanza, halafu ndiyo nikayajua.

Nikusimulie wiki zangu za mwisho. Tulikuwa Yopougon. Kulikuwa na mama mmoja muuza atieke, chakula cha muhogo, mwenye maneno machache, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa anatusikiliza akiwa bado na ungaunga wa muhogo kwenye viganja. Alikuwa ametupa miadi ya Alhamisi saa kumi. Alisema siku hiyo hatauza, kwa kuwa ana jambo la kutuuliza. Na mimi nilikuwa na siku kumi na mbili mbele yangu, na kichwani mwangu mna mama yangu, shangazi zangu wanne, na vikwembe, yaani vitenge, ambavyo sikuwa nimenunua. Nikamwambia mwenzi wangu, twende soko la Adjamé leo, huyu tutampitia kesho. Mwenzi wangu alikuwa mdogo kwangu katika kazi, akanifuata. Nilipata vikwembe vizuri sana, vya wax, sita sita, kwa bei ambayo hadi leo ninaisifu.

Kesho yake tulikuta mlango una kufuli. Jirani akatuambia ameitwa kijijini usiku, kuna msiba. Halafu akatuonyesha kwa kidole. Chini ya mwembe kulikuwa na benchi lililofutwa vumbi, na juu yake glasi mbili zilizofunikwa kwa sahani. Jirani alisema glasi ni zake, huyo mama alimwazima jana, akakaa hapo tangu saa tisa mpaka magharibi. Maji yalikuwa bado yamo.

Nilirudi pale mara tatu kabla ya kuondoka. Hakuwa amerudi. Alitaka kuniuliza nini, sijui mpaka kesho. Mama yangu ana kikwembe kimoja cha siku ile, cha buluu chenye ndege, anakivaa Jumapili, na kila akikivaa ninaliona lile benchi.

Kwa hiyo usiniulize kama wiki tano ni nyingi au chache. Kalenda itoe mlangoni leo, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Siyo kwamba kuhesabu ni dhambi. Kila mmisionari huhesabu, hata wale wanaojifanya hawahesabu. Shida ni kwamba huyo mtoto wa miaka 18 anajifunza kazi kwa kukuangalia wewe, na kalamu nyekundu ni somo. Geuza ile karatasi, upande wa nyuma uandike majina. Watu wote unaowatembelea sasa, mmoja mmoja, na mbele ya kila jina andika kitu kimoja tu anachohitaji kutoka kwenu kabla hujaondoka. Mwingine anahitaji kusomewa ukurasa mmoja. Mwingine anahitaji kuombwa msamaha, unamjua mwenyewe. Usiku kata hayo.

Halafu anza kurudi nyuma. Hii ndiyo kazi yenyewe ya wiki za mwisho, na hakuna aliyenifundisha. Watu wamekuzoea wewe, sauti yako, kosa lako la kutamka neno fulani ambalo wanalipenda. Ukiondoka ghafla, wanadondoka. Kwa hiyo mkibisha hodi, mwache mwenzako asalimie kwanza. Mwache aombe sala ya kufungua hata kama anababaika. Wakikuuliza swali, mtazame yeye. Yule bibi, mwambie amtajie wanyama wa uani kama alivyokutajia wewe. Mwenzako hatacheka kama ulivyocheka, kwa sababu hayo si maneno ya mama yake, lakini bibi atapata tena mwanafunzi, na mwanafunzi kwa bibi mzee ni dawa. Ukiona siku moja amemwita huyo kijana zanako, utasikia wivu. Mimi ningesikia. Usiku huo lala vizuri, umefanya kazi.

Na maneno hayo ya wanyama, nisiyapite hivihivi, maana yamenifurahisha wiki nzima. Bukini, wazee wa pwani walikiita hivyo kisiwa hicho, wanasema lugha ambayo ndugu zake wa damu wako mbali huko Borneo, ng'ambo ya bahari yote ya Hindi. Lakini majina ya mifugo yalitoka upande wetu, Afrika, pamoja na mifugo yenyewe. Akoho, amboa, omby. Hata punda wanamwita ampondra. Wewe unaniambia unarudi na lugha isiyosemwa Katuba. Mimi nakuambia ulikuta Katuba imekutangulia huko, imekaa uani kwa bibi, inadonoa mchele.

Sasa ule uongo. Rudi kwake, usingoje siku ya kuaga. Nenda wiki hii, mkae chini, na umwambie: bibi, nilikujibu vibaya, sijui kama nitarudi, tiketi yangu ni ya kwenda tu. Atanyamaza kidogo. Wazee wanajua kupokea ukweli kuliko tunavyodhani, wamezika watu wengi. Asichoweza ni kukaa mlangoni akiangalia barabara kwa ajili ya mtu aliyesema hivi karibuni. Mimi ninajua mtu anavyongoja. Nimeziona glasi.

Baada ya hapo mtafute rais wa tawi au askofu wa hapo, umwombe ateue watu wawili wa kumhudumia, watu wa mtaa huohuo, wenye miguu ya kufika kwake mvua ikinyesha. Usikubali jibu la tutaona. Wapeleke wewe mwenyewe, siku moja, muingie wote wanne. Mwachie picha yenu iliyochapishwa kwenye karatasi, si ya kwenye simu. Na nyuma yake uandike jina lako lote kwa herufi kubwa, kwa sababu jina la beji ni la ukoo tu, na mimi kuna mtu Abidjan hadi leo anajua ukoo wangu lakini jina nililobatizwa nalo halijui.

Tuje nyumbani.

Wakati wangu tuliruhusiwa kupiga simu kwa wazazi mara mbili tu kwa mwaka, Noeli na Siku ya Akina Mama. Zilizobaki zilikuwa barua pepe za siku ya maandalizi, na mama yangu hakuwa na pa kuzisomea, alikuwa anamlipa kijana wa saiba, pale penye intaneti, ampigie chapa. Tangu Februari 2019 ninyi mnaongea na nyumbani kila wiki, na kuonana uso kwa uso. Kwa hiyo una Jumatatu chache bado. Ya kwanza usiipoteze. Mwambie dada yako akupe mama, peke yake, kaka asiwepo, baba mdogo asiwepo. Useme hivi: Mama, ninakuja na suti mbili na viatu vya soli tatu. Pesa sina. Simu ya kaka sina. Sikuja huku kutafuta pesa, ulijua siku ile uliponifungia valizi. Ninaomba uwaambie watu wewe, kwa sauti yako, kabla sijafika.

Mama akilisema yeye, limekwisha. Ukilisema wewe pale uwanja wa ndege wa Luano mbele ya watu ishirini waliokodi gari, ni aibu ya wote. Nakuhakikishia mama yako anajua tayari. Alitangaza katika kila lupango kwa furaha, na furaha ya mama ina mdomo mkubwa, lakini mtu aliyekulea anajua mmisionari analetewa nini na anapewa nini. Anachongoja ni umpe neno la kuwajibu majirani.

Kaka yako mwandikie mwenyewe, kwa kirefu. Usimdharau. Kaka mkubwa anayeuliza habari ya simu mara nyingi ni kaka aliyechangia kodi ya nyumba miaka miwili wewe ukiwa haupo. Umemshukuru? Sijaona mahali katika barua yako umesema asante kwa mtu yeyote wa nyumbani. Sikugombezi, ninakuonyesha.

Kuhusu kuingia mikono mitupu, nina wazo. Wamalagasi wana chakula kinachoitwa ravitoto, na wewe umekula zaidi ya mara mia. Ni majani ya muhogo yaliyotwangwa, yanapikwa na nyama ya nguruwe yenye mafuta, yanaliwa na wali. Kwa maneno mengine ni sombe. Mtu wa Lubumbashi anavuka bahari, anapewa sombe! Basi wiki ya kwanza ukiwa umefika, mtoe mama jikoni. Mwambie akae kwenye kiti, wewe upike. Twanga mwenyewe. Usiweke mawese, usiweke karanga, pika kama kule, na uwapakulie wali badala ya bukari, yaani ugali. Watalalamika kuhusu bukari, waache walalamike, wataongeza sahani. Kijana wa Katuba anayempikia mama yake mbele ya wajomba atazungumziwa muda mrefu kuliko simu. Kama una nafasi ya kitu kimoja kidogo kwenye valizi, mletee kikapu cha rafia cha kwendea sokoni. Hicho atakibeba soko la Kenya, pale pale Lubumbashi, kila Jumamosi na kila atakayemuuliza atajibiwa kwa nusu saa.

Mashimo ya Kolwezi. Hapa nitasema kama yaya wa kweli: usiende. Nimeketi kwenye misiba ya vijana wa mashimo, mingine bila mwili, kwa sababu ardhi iliwafunika na hakuna aliyeweza kufika chini. Kaka yako anakuita kwa upendo, anaona shaba na kobalti zinavyopita kwenye malori, anataka mdogo wake apate. Lakini wewe umetoka kukaa miaka miwili ukiamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kila siku bila kuamshwa na mtu, umejifunza lugha kutoka sifuri, umekaa nyumba moja na wenzi usiowachagua na hamkupigana. Hivyo vitu vinauzwa ghali mahali pengine.

Uliza askofu wako kuhusu Mfuko wa Kudumu wa Elimu. Gordon B. Hinckley aliutangaza mwaka 2001 kwa ajili ya vijana wa nchi kama yetu, na aliwataja hasa waliotoka misheni. Jina lake linafuata mfuko wa zamani, wa karne ya 19, uliowasaidia waumini maskini kusafiri hadi Utah. Waliofika walilipa, wengine wakasafiri kwa pesa hiyohiyo. Huu wa sasa ni mkopo, si zawadi, sikia vizuri. Unasoma ufundi au chuo, unapata kazi, unarudisha, mwingine anasoma. Mimi ndio ulionilipia mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, na nililipa deni lote, la mwisho nililipa nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili. Usichukue bila kujua unataka kusoma nini. Tumia siku ya maandalizi moja kati ya hizi kukaa na karatasi na kufikiria hilo tu, bila mpira.

Jambo la mwisho ni beji. Ukishuka Luano, kaka yako atataka mpige picha, na mtu atakuambia vua hiyo kitu sasa umefika. Usiivue. Wewe ni mmisionari mpaka rais wa kigingi, kiongozi wa makanisa yetu kadhaa ya eneo moja, akuachilie, na kwa kawaida ni siku hiyohiyo au kesho yake. Mimi nilikwenda moja kwa moja kutoka uwanjani, na vumbi la safari, mama yangu nyuma akiwa amebeba mkoba wangu. Rais aliniuliza maswali machache, akanishukuru, akasema sasa unaweza kuivua. Vidole vilikataa. Ilibidi mama anisaidie. Blauzi yangu ilikuwa ya rangi ya samawati, imepauka yote kwa jua la Abidjan, isipokuwa pale beji ilipokaa. Pale palibaki samawati kama siku niliyoinunua, kipande cha upana wa vidole vitatu. Mama alikigusa. Hakusema kitu, na mimi sikusema, tukaenda nyumbani.

Asubuhi ya kwanza utaamka saa kumi na mbili na nusu na hakuna mwenzako. Utatoka kwenda kununua mkate, utafika kwenye kona, utasimama kumngoja mtu wa pili. Mimi nilisimama kwenye kona ya avenyu yetu hivyo karibu mwezi mzima, watu wakidhani nimepotea. Hilo likikupata, njoo kanisani Jumapili ukae karibu na mmoja wetu tuliorudi. Tuko wengi kuliko unavyofikiri, na hatutakuuliza umeleta simu gani.

Jambo Yaya,

Mimi ni msichana wa Kampemba. Kuna kijana aliyekwenda misheni nje ya nchi, tulikuwa tunasoma pamoja, na miaka hii miwili tumeandikiana, kwa heshima tu. Anarudi mwezi ujao. Mama yake ameniambia niende uwanjani kumpokea. Rafiki zangu wanasema nikienda nitaonekana ninajipeleka, na nisipoenda atafikiri nimepata mwingine. Niende?

Mwenye Kungoja, Kampemba

Yaya anajibu:

Nenda, mdogo wangu. Mama yake amekualika, na mwaliko wa mama ni mlango uliofunguliwa na mwenye nyumba. Hujipeleki.

Ila ujue kitakachotokea usije ukalia bure. Atamkumbatia mama yake, atamkumbatia baba yake, atawakumbatia kaka zake wote, na akifika kwako atakupa mkono. Mkono tu, na pengine atautoa haraka. Usidhani amebadilika. Mpaka aachiliwe na rais wa kigingi haruhusiwi kumkumbatia msichana, na kijana aliyeishika sheria hiyo miezi 24 hataivunja saa mbili za mwisho. Akiivunja, mimi ningekuwa na wasiwasi zaidi.

Wiki ya kwanza usimuulize mambo ya ndoa, hata kama shangazi zake wataanza. Watu husema mmisionari akirudi lazima aoe mara moja. Hakuna sheria hiyo. Atakuwa analala mchana, anachanganya lugha, anasimama kwenye kona akimngoja mtu. Muulize habari za watu aliowaacha. Atataja majina ambayo huyajui, mengi, mmoja mmoja. Yasikilize yote.

Na siku ya uwanjani usivae kitu kipya sana, vaa ile gauni anayoijua. Simama nyuma kidogo ya mama yake, upande wa kulia. Atakuwa anatazama huku na huku akikutafuta.